Mkwe, Mkeka na Lumbugu

Mwanamke mwenye migomba yake hanunui matoke. Huku kwetu Masaka wanalisema hilo kwa sauti, makusudi, ili anayenunua alisikie. Ndiyo maana asubuhi ile Nalubwama alimngoja mwuza matoke kule kwenye kona, mbali na nyumba za watu, akamwambia amtilie mkungu ndani ya gunia.

"Gunia la nini, mama? Matoke yangu si ya wizi," akasema mwenye baiskeli.

"Tia nimekwambia. Nimekuja kununua, sikuja kuhojiwa."

"Haya, yaishe. Lakini wewe si ndiye mwenye lile shamba nyuma ya kanisa? Marehemu baba alikuwa akija kwako kuomba machipukizi."

Nalubwama akatoa noti iliyokuwa mshipini mwa gauni lake la gomesi, akamshindilia mkononi, akaondoka bila kumjibu. Alichechemea. Nyonga yake ya kushoto ilikuwa imemlaza ndani tangu mwaka jana, na huo mwaka mmoja wa kulala ndio uliomfikisha kwenye kona ya kununua matoke kwa kujificha kama mwizi wa kuku.

Alipofika nyumbani akakuta gari la mizigo uani. Kalyango!

Kalyango alikuwa mtoto wa marehemu mume wake kwa mke mwingine, na ndiye aliyevishwa vazi la gome la mti siku ya kurithi. Kwa desturi yetu basi, duka lake la saruji mjini lilikuwa lake mwenyewe, lakini hapa nyumbani alisimama mahali pa marehemu baba yake: mwenye shamba, mwenye nyumba, mtu wa kupigiwa magoti. Nalubwama akajaribu kupiga magoti na gunia bado liko kichwani. Nyonga ikakataa. Gunia likaanguka, mkungu ukachomoza, vidole vya matoke vikaserereka mpaka miguuni pa Kalyango.

"Maama, jamani! Nani kakwambia upige magoti na ugonjwa huo?"

"Nisipokupigia wewe nimpigie nani?"

Kalyango akainama kuokota. Hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Aliokota kidole kimoja kimoja, akivipangusa vumbi kwa kiganja, na huko kumwokotea kimya kimya kulimuuma Nalubwama kuliko kama angemcheka.

"Umenunua," akasema Kalyango.

"Nimenunua."

"Basi twende tukaone."

Nyuma ya nyumba migomba ilisimama myembamba, majani ya njano, mikungu haizidi ngumi. Chini yake hapakuonekana udongo. Ilikuwa lumbugu tupu, ile nyasi ya sangari yenye mizizi mirefu, imetanda tangu ukuta wa jiko hadi bondeni, na imeshapanda hata juu ya kaburi la mzee.

"Hili si shamba tena, Maama. Ni malisho," akasema Kalyango. "Nimeshaongea na mtu wa miche. Nitapanda mikaratusi. Mkaratusi haudai palizi, haumsumbui mtu, miaka michache nauza nguzo. Na wewe nitakuchukua mjini. Chumba kipo."

"Kile cha nyuma ya duka?"

"Kina umeme, Maama."

"Na saruji. Nivute saruji mpaka nife." Akashika shina la mgomba uliokuwa karibu. "Kalyango, mimi humu niliingia bibi harusi. Migomba hii naijua mmoja mmoja kama watu. Nipe muda nisafishe."

"Utasafisha na nyonga gani?"

"Hilo niachie."

Kalyango akatazama kaburi, akatazama gari lake. "Sawa. Mvua za vuli zikikuta udongo mtupu, naacha shamba. Zikikuta lumbugu, napanda miti. Na nitachimba mwenyewe nihakikishe, sitaki kuonyeshwa majani yaliyofyekwa juu juu."

"Chimba popote utakapo," akasema Nalubwama. Lilikuwa jibu la kishujaa. Kalyango alipoondoka, aliketi kwenye ngazi ya jiko akawaza ni nani atakayelishika jembe.

*

Zawedde, binti yake wa pekee, aliolewa ng'ambo ya kinamasi, na wakati huo alikuwa na kichanga cha wiki chache. Habari ilipomfika alilia mpaka maziwa yakakauka. Mumewe, Ssebowa, fundi seremala, akamwambia, "Acha kulia, mama watoto. Mimi nina mikono."

"Ukalime kwa mama yangu? Mkikutana je?"

Swali lilikuwa la haki. Kwetu mwanamume hatazamani na mama wa mkewe. Haingii alimo, hampi mkono, na akimwona njiani anatumbukia kichakani. Anayevunja mwiko huo, wanasema, mikono itamtetemeka hadi kaburini, na kila kijiji kina mzee wake wa kutetemeka ambaye watoto huonyeshwa. Hata simu Nalubwama aliikataa. Aliona kusikia pumzi ya mkwe sikioni ni sawa na kulala naye chumba kimoja.

"Nitakwenda mapema, nitalima mbio, nitaondoka," akasema Ssebowa.

Na kweli alilima mbio. Kiangazi ndiyo kwanza kilikuwa kinaanza, jua kali, naye aliliinua na kulishusha jembe kama anayepigana. Mlango wa jiko ukilia tu, huyo nyuma ya mgomba! Wapita njia wakapata sinema ya bure.

"Ssebowa! Umeoa au umeolewa?"

"Wakimaliza kukulimisha watakutwisha na maji!"

Yeye kimya, jasho linamtiririka. Na kwa kuwa alimheshimu mama mkwe wake, hakuiacha lumbugu aliyoikatakata izagae ovyo. Aliikusanya yote, akaipanga vizuri kuzunguka kila shina la mgomba, kama matandazo.

Nalubwama alichungulia kwenye ufa wa dirisha, akauona mgongo tu, akafumba macho haraka. Lakini ule mgongo ulimtosha. "Nilizaa msichana mmoja," akawaambia masufuria yake, "kumbe nimepata na mvulana." Akafuta machozi kwa upindo wa gomesi.

Kisha ikanyesha mvua moja ya kupotea, mvua isiyo ya msimu, ya usiku mmoja. Siku chache baadaye Nalubwama alitoka na fimbo yake kwenda kuliangalia shamba jipya. Akapiga yowe.

Kila shina la mgomba lilikuwa limevaa kola ya kijani. Na katikati ya mistari, pale jembe lilipopita kwa nguvu zote, lumbugu ilikuwa imechipua nene kuliko kabla mtu hajaigusa.

*

"Mwambie mumeo," akaanza Nalubwama, Zawedde alipomletea mjukuu. Kisha akaghairi. "Hapana. Usimwambie."

"Nisimwambie nini, mama?"

"Mwanamume aliyechekwa na kijiji kizima kwa ajili yangu, leo aambiwe na mkewe kitandani kwamba kaharibu? Atavunjika. Nitamwambia mwenyewe."

"Mama! Utamwambiaje?"

"Kwani mimi sina mbuzi?"

Asubuhi Ssebowa aliporudi na jembe lake, alikuta mkeka wa ukindu umetundikwa kwa kamba kati ya migomba miwili, na kutoka nyuma yake ikasikika sauti. Nusura akimbie.

"Wewe mbuzi! Unanisikia?"

Mbuzi alikuwa amefungwa hapo hapo, anatafuna.

"Mbuzi, kuna mtu mwema amekuja kunilimia. Mungu amzidishie. Ukimwona mwambie taratibu, maana ana moyo mzuri sitaki uumie. Mwambie ameniua."

Upande wa pili mtu akakohoa. "Mbuzi, mwambie mama sijaelewa."

"Mwambie lumbugu haifi kwa kukatwa. Tunayoiona juu ni nywele tu. Mwili uko chini, kamba nyeupe ndefu, na kamba ina vifundo, na kila kifundo kina jicho. Akiikata vipande kumi, hajaua mmoja, amezaa kumi. Hilo jembe lake la bapa ndilo mkunga wao!"

"Mbuzi, muulize, na ile niliyoipanga mashinani? Nilijua ni matandazo."

"Mwambie amewalaza watoto kitandani, akawafunika blanketi. Penye unyevu, penye mbolea. Wangekosaje kukua?"

Nyuma ya mkeka ikatoka sauti ya mtu aliyekaa chini ghafla. "Mbuzi," akasema Ssebowa, na sauti yake ilikuwa imelegea, "mwambie mama naona aibu mpaka sijui niweke wapi uso."

"Mwambie aibu haing'oi kitu. Kesho aje na jembe la meno."

*

Alikuja nalo. Na Nalubwama, ambaye alikuwa ameketi tu ndani akisubiri kulimiwa, akatoka na la kwake, jembe dogo la meno lililobaki na meno mawili. Aliketi juu ya gogo la mgomba, akachimba alipoweza kufika, akalisukuma gogo mbele, akachimba tena. Yeye upande wa kulia, mkwe upande wa kushoto, na mkeka katikati. Wakisogea, mkeka nao husogezwa: yeye hufungua kamba kwake, mkwe hufungua kwake, wakaufunga kwenye migomba inayofuata. Hivyo ndivyo walivyoteremka kutoka jikoni kuelekea bondeni.

"Zamisha meno, usichape," ikafundisha sauti ya Nalubwama. "Inua bonge lote. Litikise. Sasa ifuate kamba kwa vidole, taratibu, mpaka uione ncha yake. Ikikatikia ardhini, mfuate aliyebaki."

"Hii ni ndefu kuliko mimi, mama."

"Basi mna adabu sawa, nyote mnajificha."

Mizizi waliianika juu ya mwamba mpaka ikalia kavu mkononi, ndipo wakaichoma. Udongo uliobaki waliufunika kwa majani makavu ya mgomba na maganda ya kahawa, kitanda kinene, maana lumbugu inaweza kuvumilia jembe na mbuzi na jua, lakini haivumilii giza.

Kijijini walicheka mpaka wakachoka. Mkwe na mama mkwe wanalima pamoja kwa mkeka! Wengine wakasema ni heshima, wengine wakasema ni wazimu, na waliosema ni wazimu ndio waliopita kila siku kuangalia. Mbuzi alitumwa maneno mengi siku za kwanza. Baadaye alihamishiwa kwingine kwenye majani, na hakuna kati yao aliyekumbuka kwamba hayupo.

Wakawa wanaongea. Nalubwama alisimulia jinsi Zawedde alivyokuwa mdogo akiogopa vyura, na Ssebowa akacheka, akasema hata sasa anaogopa, ila humsingizia mtoto. Ssebowa alisimulia juu ya meza aliyomtengenezea mtu ikakataliwa kwa sababu ya mguu mmoja. Halafu siku moja, bila kuulizwa, akasema:

"Mama, mimi mama yangu alikufa nikiwa bado nanyonya. Nimelelewa na watu wa kupokezana. Sijawahi kuwa na mtu wa kuniambia, chimba vizuri."

Nalubwama alitamani kuuvuta ule mkeka, mwiko na utetemeke wenyewe, amshike kichwa huyu mtoto wa watu. Badala yake akalizamisha jembe.

"Chimba vizuri, mwanangu," akasema.

"Ndiyo, mama," akajibu Ssebowa, na wakachimba hadi jua likawatoa.

*

Kalyango alikuja siku ambayo mawingu yalikuwa yamejaa kutoka upande wa ziwa. Nyuma ya gari lake miche ya mikaratusi ilikuwa imepangwa imesimama wima, na dereva wake akamkabidhi koleo. Nalubwama aliyaona mawingu, akaiona miche, akawahi shambani kabla hajaitwa. Ssebowa alikuwa tayari upande wake, nyuma ya mkeka, karibu na bonde. Hakutoka. Mkwe hana neno kwenye ardhi ya ukweni.

Kalyango alisimama akashangaa. Alikuwa amejiandaa kwa nyasi. Alichokiona ni majani makavu yaliyotandazwa, na machipukizi mapya ya migomba, manene, yamechomoza kwa kiburi.

"Maama, nani kafanya hivi?"

"Wewe ulisema utachimba. Chimba."

Akachimba upande wa Nalubwama, karibu na jiko. Udongo mweusi, unanukia, hakuna kitu. Akachimba karibu na kaburi. Hakuna kitu. Akapita chini ya kamba, akamsalimia Ssebowa kwa kichwa, akachimba upande wa mkwe mahali pengi bila huruma. Hakuna kitu. Uso wake ukaanza kulainika, na Nalubwama, aliyekuwa akifuata mlio wa koleo kwa masikio, akaanza kupumua.

Kisha Kalyango akarudi kwenye mkeka, akaunyanyua kwa kidole.

"Na hapa?"

Chini ya mkeka, upana wa mkono wa mtu mzima, lumbugu ilisimama mbichi na imenyooka. Kalyango akapandisha macho kuufuata mstari. Alipoyasukuma kwa mguu majani makavu machache yaliyoufunika, akauona unapanda mpaka jikoni: utepe mmoja mrefu, katikati ya shamba lote, haujaguswa. Machipukizi yake ya pembeni yalikuwa yameshaanza kutambaa chini ya matandazo, huku na huku.

"Maama," akasema polepole, "hapa hamkuchimba."

"Hapo anachimba mkwe," akasema Nalubwama.

"Mama, mimi nilijua unachimba wewe," akasema Ssebowa. "Ningewezaje kupitisha meno ya jembe chini ya mkeka, upande uliokaa wewe?"

Nalubwama akafumba macho. Naye hakuwahi kupitisha lake. Kila siku alichimba mpaka ukingo wa mkeka, akarudisha mkono, kwa adabu. Waliheshimiana hadi wakaitunza lumbugu kati yao kama mgeni.

Kalyango alicheka mara moja, kisha kicheko kikamfia. "Mbona mmejitahidi hivi, halafu... Maama, huu mstari ukinyeshewa, kabla ya Krismasi shamba lote limerudi kule kule. Wewe mwenyewe ndiye unayeijua zaidi."

"Naijua."

"Neno langu lilikuwa udongo mtupu."

"Ndilo."

Radi ikanguruma bondeni. Dereva akauliza kama aanze kushusha. Ssebowa akasema kwa haraka, bado amejificha, kwamba mama aingie ndani, yeye atachimba peke yake. Lakini mstari ulikuwa mrefu na mvua ilikuwa karibu, na jembe moja lisingefika nusu. Nalubwama peke yake asingefika hata robo. Matone ya kwanza yakaanza kugonga majani ya migomba, tone kubwa, tena tone kubwa.

"Kalyango," akasema Nalubwama. "Vua viatu."

"Nini?"

"Hapo katikati mimi siwezi kusimama. Mkwe wangu hawezi. Yuko mtu mmoja tu katika dunia hii anayeruhusiwa. Kwangu wewe ni mume, kwa Zawedde ni baba. Si ulivishwa gome? Basi mrithi hakurithi ardhi tu ya kuuzia nguzo, alirithi na watu. Simama katikati yetu uchimbe."

"Maama, mimi nina suruali ya kwenda benki."

"Suruali hufuliwa."

Kalyango alitazama miche yake. Alitazama kaburi, ambalo sasa lilionekana jiwe kwa jiwe, na nadhani hapo ndipo alipoona kwamba limesafishwa kwa vidole, si kwa jembe. Akavua viatu, akatia soksi ndani yake, akakunja suruali mpaka magotini. Kisha akafungua kamba, akaukunja mkeka.

"Haya, geukeni basi, msije mkatetemeka," akasema.

Wakageuka. Nalubwama juu ya gogo lake, amekipa mgongo kile kipande cha ardhi, Ssebowa upande wa pili amekipa mgongo pia, na mwenye duka la saruji katikati yao, peku, na jembe la meno la mkwe. Alichimba, nao wakazipokea kamba kwa nyuma, kwa kupapasa, wakazirundika mbali na udongo. Walianzia bondeni, wakapanda. Mvua haikuwangoja.

Kalyango akaivuta moja kwa pupa. Ikalia tap! ardhini.

"Usikate!" wakapiga kelele wote wawili kwa pamoja, huku wamegeukia kwingine, halafu wakaangua kicheko, na Kalyango akacheka pia, maji yanamtiririka puani.

"Bosi!" dereva akaita kutoka kwenye gari. "Miche niishushe wapi? Inalowa!"

Kalyango alikuwa karibu kulala kifudifudi, mkono umezama ardhini hadi kwenye kiwiko, akiitafuta ncha iliyobaki.

"Irudishe kwa mwenyewe," akajibu bila kuinua kichwa. "Na umpigie mke wangu, mwambie leo niko kwa Maama, nitachelewa."

Nalubwama alisikia. Aliendelea kupapasa nyuma yake na kupokea alichopewa. Machozi yakaanza kumtoka pamoja na mvua, na kwa kuwa alikuwa amewapa mgongo watoto wake wote wawili, hakuna aliyemwona, akalia mpaka akaridhika.